Ukurasa wa Shukrani

Nilimwahidi kwamba nitayaandika maneno yake kama yatakavyotoka kinywani mwake, bila kuongeza wala kupunguza. Nilimwahidi mbele ya magunia ya iliki na mdalasini, katika duka la viungo lililokuwa chini ya chumba nilichofanyia kazi, mtaa wa Ngara, Nairobi. Aliponitaka niirudie ahadi hiyo, niliirudia kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu aliyeudhika kwa kutoaminiwa.

Alikuwa karani wa duka lile, mtu wa makamo aliyeanza kuota mvi, mwembamba, mwenye kiungulia kisichokwisha na ulimi mkali kuliko bidhaa alizouza. Alikuwa raia wa nchi ya visiwa iliyo baharini, kusini-mashariki mwetu. Nchi ndogo kiasi kwamba kwenye ramani ya darasa letu la msingi ilikuwa imefunikwa na msumari ulioishikilia ramani yenyewe ukutani. Alikuwa ameishi Nairobi zaidi ya miaka ishirini, wala hakuwahi kuomba uraia wa Kenya. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajabadilisha mama.

"Nikiuacha uraia wangu nitamtukana nani?" alisema. "Nikiitukana serikali yenu mtanirudisha kwetu. Nikiitukana ya kwetu wataniuliza, na wewe ni nani?"

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya sayansi ya siasa na kazi ya kuchapa. Nilichapa barua za kuomba kazi kwa niaba ya watu walionishinda kwa uzoefu, kadi za harusi, na matangazo ya vyumba vya kupanga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, muda mfupi baada ya uchaguzi uliotufanya tuamini kwamba nchi inaweza kuamka asubuhi moja ikiwa imepona. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu abiria wakimzingira askari wa barabarani na kumlazimisha arudishe hongo mbele ya watu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika mambo ambayo raia mwema hapaswi kuyavumilia. Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kulala. Nililolifanya nililifanya nikiwa macho, na nikiwa na nia njema kabisa.

Mwakilishi wa nchi yao hapa Nairobi alikuwa ametuma waraka kwa familia zote za visiwani. Waziri mmoja angepitia Nairobi akielekea mkutanoni, naye angependa kukutana na raia wake hotelini, katikati ya jiji, siku ya Jumamosi. Kila anayetaka kusema alitakiwa kuleta mapema maoni yake kuhusu utawala, uchumi na mazingira, yakiwa yamechapwa, kurasa mbili, nakala mbili. Karani wetu aliandika vizuri sana kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani. Herufi za Kilatini alizisoma polepole, kidole kikitangulia, na kuziandika hakutaka kabisa. Ndipo akapanda ngazi hadi kwangu.

"Msomi," alisema, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. "Unajua kuandika bila kujionyesha?"

Nilimwambia najua.

Kwa alasiri tatu, wateja walipopungua baada ya chakula cha mchana, nilishuka dukani na daftari langu. Yeye aliketi juu ya gunia la karafuu, mimi juu ya kibao. Mwenye duka, mama wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo, alikuwa nyuma ya meza akipima manjano, na hakuacha neno lipite.

"Andika, kijana, andika yote," aliniambia siku ya kwanza. "Huyu ameniimbia huo wimbo wa mchanga miaka kumi. Ukimaliza kumwandikia, labda nami nitapumzika."

"Huu si wimbo, mama."

"Basi ni nini? Kila siku beti zile zile."

Kuhusu utawala hakuwa na mengi. Kwao, alisema, wakubwa hupokezana viti kwa fujo, leo mtu wa kisiwa hiki, kesho wa kile, na kila anayeingia huanza kwa kubadilisha walinzi wa bandarini na kuishia hapo. "Wanabadilisha shuka," alisema, "kunguni ni wale wale. Andika hivyo hivyo, kunguni. Usiniwekee neno la kitabuni."

Kuhusu uchumi alisema zaidi, kwa sababu bidhaa za kwao zilipita mikononi mwake kila siku. Alinichagulia ganda moja la vanila, jeusi, linalong'aa kwa mafuta, akanikabidhi ninuse. Kuna msimu, alisema, bei ya hili ilipanda mpaka wakulima wakawa wanakesha mashambani na mapanga, ndugu akimlinda ndugu asiibe. Watu waling'oa mihogo wakapanda vanila. Kisha bei ikaanguka, na mihogo haikuwepo. "Serikali ilikuwa wapi? Ilikuwa inapiga picha na vanila."

Lakini jambo lililokuwa likimla lilikuwa pwani ya kijiji chao. Hapa nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo palipo na kosa langu.

Kwa desturi yao, mwanamume hana nyumba. Nyumba ni ya mwanamke. Kaka humjengea dada yake, baba humjengea binti yake, na mume huhamia kwa mkewe na nguo zake. Mwanamume asiyemjengea dada yake hata salamu yake haiitikiwi vizuri msikitini. Zamani nyumba zilikuwa za mawe machache na makuti. Vijana walipoanza kusafiri ng'ambo kutafuta riziki, walianza kutuma pesa za nyumba za matofali ya saruji, ghorofa juu ya ghorofa. Saruji ilitoka melini. Mchanga ulitoka ufukweni, bure, na wanawake waliubeba kwa ndoo kichwani. Kila nyumba mpya ilikula kipande cha pwani, na bahari, ikikosa mchanga wa kuizuia, ilianza kupanda. Ilipanda hadi makaburini. Alipoondoka kwao, kaburi la mama yake lilikuwa katika safu ya nne kutoka majini. Sasa lilikuwa katika safu ya kwanza.

Na sasa serikali ilikuwa imempa mkandarasi kibali cha kuchota mchanga uliobaki, kwa mashine na malori, ili kujenga gati jipya. Wanawake wa kijiji, dada yake akiwa mbele, walikuwa wameketi barabarani kwa majuma kadhaa wakiyazuia malori. Waliketi na vyungu vyao na watoto wao. Waziri huyu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kufuta kibali kile. Karani alitaka neno moja tu kutoka kwake, mbele ya watu wote, ili lisiweze kukanwa baadaye.

"Sasa sikiliza, msomi," alisema siku ya tatu, na akasimama kutoka kwenye gunia. "Hili ndilo la mbele kabisa, kabla ya salamu. Andika: Mimi nimemjengea dada yangu nyumba ya vyumba sita. Nyumba hiyo imejengwa kwa mchanga uliokuwa ukimlinda mama yangu kaburini. Dada yangu aliubeba kwa kichwa chake. Na nyote mlioketi humu ndani mmejenga hivyo hivyo. Tumeila pwani sisi kwanza, ndipo serikali imekuja kula makombo. Tukiri, kisha tuseme basi."

Mama mwenye duka aliacha kupima. "Hiyo hukuwahi kuniambia," alisema.

"Hukuwahi kuniuliza nyumba imejengwa na nini."

Niliandika. Ninalo daftari hilo hadi leo, na maneno yapo kama nilivyoyanukuu. Lau ningeyachapa kutoka hapo bila kufikiri, nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Nilirudi nayo nyumbani Waithaka, pembeni mwa jiji, ili niyatengeneze. Wakati huo mama yangu alikuwa akijenga vyumba vya kupangisha mahali tulipokuwa tumepanda magimbi ya nduma na majani ya ng'ombe. Majirani wote hadi Mutuini walikuwa wakifanya hivyo. Jioni ile lilikuwa limefika lori la mchanga, likaumwaga mbele ya zizi. Nilimuuliza mama mchanga ule umetoka wapi.

"Ati umetoka wapi? Si umetoka kwa lori!"

"Kabla ya lori, mama."

"Kabla ya lori ulikuwa wa Mungu. Wewe chukua sepeto, mvua inakuja."

Nilichukua sepeto. Nakumbuka nilitabasamu, nikiona kwamba mama hakuelewa swali. Haikunijia akilini kwamba yule karani wa Ngara alikuwa amelielewa swali hilo kuliko sisi wote wawili, na kwamba nilikuwa nikienda mezani kulifuta jibu lake.

Niliketi na kuanza kuandika. Nami, kama watoto wengi waliolelewa na shule zetu, nilijua namna moja tu ya kusema na mkubwa: risala. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoandika risala yangu ya kwanza, kwa ajili ya ofisa wa elimu aliyekuja shuleni kwetu. Vyoo vyetu vilikuwa vimebomoka na mtoto mmoja alikuwa ametumbukia hadi kiunoni. Mwalimu alinifundisha mpangilio. Kwanza unamkaribisha mgeni rasmi. Kisha unamshukuru kwa kuacha shughuli zake nyingi. Kisha unaipongeza serikali kwa jambo lolote, hata kama ni mvua. Hapo ndipo unapofika kwenye "hata hivyo", na chini ya "hata hivyo" unavitaja vyoo, kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ofisa aliusifu mwandiko wangu mbele ya shule nzima. Vyoo havikujengwa. Nilichokumbuka mimi kwa miaka yote ile ni sifa za mwandiko.

Nilijiambia kwamba ukali wa karani ungemfunga waziri masikio. Nilijiambia kwamba mtu wa heshima hushawishika kwa heshima. Hivyo niliandika ukurasa mzima wa kwanza mimi mwenyewe, aya tatu: ya kukaribisha, ya kushukuru, na ya kupongeza. Katika aya ya tatu nilihitaji jambo la kuipongezea serikali, na kwa kuwa sikujua jingine, niliipongeza kwa juhudi zake za kuleta miundombinu ya kisasa katika pwani ya visiwa. Ukurasa wa pili ulianza kwa "Hata hivyo", na hapo yakafuata maoni yake, yakiwa yamenyooshwa na kuoshwa. Kunguni waliondoka. Vanila ilibaki kwa jina la "mazao ya biashara".

Na ile nyumba nikaiondoa. Hili sikulifanya kwa adabu, nililifanya kwa elimu. Chuo kikuu nilikuwa nimefundishwa kwamba mnyonge asijilaumu kwa makosa ya mfumo, na niliona kwamba akikiri mbele ya waziri atampa fimbo ya kumpigia. Nilitaka awe safi. Nilitaka mtu aliyedhulumiwa tu, asiyekuwa na mchanga mkononi. Badala ya nyumba ya vyumba sita niliandika "ujenzi usiozingatia mazingira", na nikajihisi nimemsaidia.

Siku iliyofuata nilishuka dukani na kurasa zilizochapwa, nikamsomea ule wa pili. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mbona nyumba yangu siisikii?"

"Imo, Mzee. Iko ndani ya 'ujenzi usiozingatia mazingira'."

Alicheka kwa kejeli. "Vyumba sita umevitia ndani ya maneno matatu. Wewe ungefaa kuwa mkandarasi." Kisha akauonyesha ukurasa wa kwanza kwa kidole. "Na huu?"

"Huo ni salamu tu za kawaida."

"Salamu ukurasa mzima?"

"Ndivyo inavyokuwa, Mzee. Ni utaratibu."

Mama mwenye duka aliinua macho. "Kijana, si umsomee? Yeye ndiye atasimama huko mbele."

"Ni salamu tu, mama," nilirudia. Karani alizikunja karatasi na kuzitia katika mfuko wa koti. Wateja walikuwa wameanza kuingia.

Jumamosi ilifika. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja isiyo mbali na posta, wenye zulia jekundu na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Familia za visiwani zilijaa, wanawake wakiwa wamejifukiza udi, wanaume kwa kanzu na makoti. Karani alikuwa amenyoa. Aliketi safu ya tatu, na mimi, kwa kuwa sikuwa mtu wao, nilisimama nyuma karibu na mlango. Waziri alichelewa. Alipofika, alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kicheko cha karibu, aliyewashika watu mikono miwili miwili.

Msema chochote, yaani mwendesha shughuli, kijana wa ofisi ya mwakilishi aliyekuwa na simu mbili mkononi, alishika kipaza sauti.

"Wazee wangu, mama zangu, muda umetubana kabisa, na mgeni rasmi ana ndege. Kwa hivyo kila msemaji asome ukurasa mmoja, ule wa kwanza. Zingine mheshimiwa atajisomea. Tumeelewana?"

Watu walisema ndiyo. Mimi nililisikia jambo hilo na kwa muda halikunigusa. Lilinigusa karani alipokuwa tayari amesimama mbele, amevaa miwani, kidole kikiwa juu ya mstari wa kwanza.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisoma, "sisi raia wako tunaoishi ughaibuni tunayo furaha isiyo kifani..."

Alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Asomaye hivyo haoni mbele. Hujua alichosema baada ya kukwisha kukisema. Aya ya kwanza aliipita. Katika aya ya pili, pale ilipoandikwa "tunakushukuru kwa moyo mkunjufu", sauti yake ilishuka. Niliona kidole chake kikisita. Nilikuwa na nafasi ya kutembea hatua ishirini hadi mbele na kusema kwamba kuna makosa. Zilikuwa hatua ishirini juu ya zulia, mchana kweupe, katika nchi yangu mwenyewe, ambamo siku zile nilijisifu kwamba raia hawaogopi tena.

"Tunaipongeza serikali yako sikivu," alisoma, "kwa juhudi zake za kuleta miundombinu ya kisasa katika pwani ya visiwa vyetu..."

Hapo aliacha kusoma. Aliinua kichwa akanitafuta kwa macho hadi akaniona mlangoni. Msema chochote alidhani amemaliza, akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Bado sijasema," alisema karani. "Ngojeni, bado sijasema lolote."

"Ahsante sana mzee wetu, tumekusikia, tumekusikia vizuri," alisema msema chochote, akikiondoa kipaza sauti taratibu mkononi mwake. Waziri alisimama, akamkumbatia, akauchukua ukurasa ule wa kwanza, akaukunja na kuutia mfukoni mwake, upande wa moyo. Mpiga picha aliwaomba watazame huku. Ukurasa wa pili ulibaki mkononi mwa karani, na katika picha unaonekana.

Tulirudi Ngara kwa miguu. Yeye alitangulia, mimi nyuma. Karibu na mzunguko wa barabara alisimama na kunisubiri.

"Yule si waziri wako," alisema. "Hawezi kukufunga. Hawezi kukunyima chochote. Wewe ulikuwa unamwogopa nani?"

"Mzee, ilikuwa ni utaratibu..."

"Utaratibu wa nani?"

Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo, na lililo karibu zaidi na ukweli ni hili: sikumwogopa mtu yeyote. Nilikuwa nimezoea tu. Tumefunzwa tangu utotoni kuwashukuru watumishi wetu kwa kuja kututazama tukizama, na mazoea hayo yamekaa mahali ambapo hata hasira yetu haifiki. Tulikuwa tumeiangusha serikali kwa kura na bado tuliandika kama watu wanaopiga magoti. Serikali mpya haikuchukua muda mrefu kulitambua hilo. Mwaka haukuwa umekwisha vizuri na yule askari wa barabarani alikuwa amerudi mahali pake, akipokea kama zamani, na abiria wakitazama dirisha la upande wa pili.

Jumatatu karani alikwenda ofisi ya mwakilishi akiwa na maoni yake, safari hii ameyaandika mwenyewe kwa herufi alizozijua. Alianza na nyumba. Katibu alimwambia faili limefungwa na kwamba, hata hivyo, mheshimiwa alifurahishwa sana na risala yake.

Yapata majuma matatu baadaye nilisikia sauti yake ikipanda kutoka chini, akipiga kelele kwenye simu ya duka, kama watu walivyofanya enzi zile laini ilipokuwa mbaya. Nilishuka hadi katikati ya ngazi. Nilimsikia yeye tu. Upande wa pili alikuwa dada yake.

"Nani kasema nimeshukuru?... Gazeti gani?... Na picha?... Kawasomea barabarani? Nani, mkandarasi?... Sasa nyinyi mkafanyaje?... Wote? Mliinuka wote?"

Kisha akasikiliza tu.

"Na safu ya kwanza?" aliuliza. Halafu, kwa sauti ndogo sana: "Usilie. Nakuja mwenyewe, nitawaeleza... Kwa nini nisije?"

Aliiweka simu chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. Nilielewa yote kutokana na yale aliyoyarudia, na mama mwenye duka alinieleza yaliyosalia. Gazeti la huko lilikuwa limezitafsiri zile aya tatu na kuzichapa pamoja na picha. Mtu wa mkandarasi alilipeleka mpaka walipoketi wanawake, akawasomea: hata mtoto wa marehemu aliyezikwa hapo ameshukuru, nyinyi mnamlilia nani? Wengine waliinuka kwa aibu, wengine kwa kuchoka, na mwishowe dada yake alibaki peke yake, akainuliwa kwa nguvu. Malori yalipita. Safu ya kwanza haikuwepo tena. Na dada alikuwa amemwambia asije. Nyumba ni yake, mlango ni wake.

Nilimalizia ngazi zilizobaki, nikasimama mbele ya meza. Nilikuwa nimeandaa maneno. Karani alikuwa akiwapimia wateja bizari, wala hakuinua uso.

"Kijana," alisema mama mwenye duka, bila ukali, "rudi juu tu."

Nilirudi juu. Niliandika barua kwa gazeti lile, ukurasa mmoja, isiyo na salamu. Nilieleza kwamba aya zile ziliandikwa na mimi, Mkenya, bila idhini ya aliyezisoma, na kwamba maoni yake halisi yalianza kwa kukiri kosa lake mwenyewe. Sikujibiwa. Nilituma ya pili na ya tatu. Nilikwenda ofisi ya mwakilishi; waliniuliza mimi ni raia wa wapi, nilipojibu wakaniambia jambo hilo halinihusu.

Karani aliendelea kufanya kazi pale kwa kitambo. Tulisalimiana. Hakuniita msomi tena, wala hakuniita lolote. Siku moja nikamkuta mama mwenye duka akipima manjano peke yake, akaniambia ameondoka, amekwenda Pwani ya Kenya, hakuacha anwani. Kwao hakurudi. Mtu aliyeshukuru kaburi la mama yake lichimbwe hana kijiji, na yeye aliliona hilo mapema kuliko mimi.

Mimi niliacha kazi ile. Vyumba vya mama vimekwisha na vimepata wapangaji. Nalala katika kimojawapo, chenye plasta laini ya mchanga ambao bado sijui ulitoka wapi.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu watu wa visiwa vile wanakisoma au wana jamaa anayekisoma. Basi nakuomba jambo moja. Ukimfahamu mtu wa huko, mwambie kwamba yule karani wa viungo hakumshukuru waziri. Mwambie aya tatu zile ni zangu, zote, mpaka nukta ya mwisho, na umwombe amfikishie dada wa karani habari hiyo.